Bei ya Mti Inasomwa Chini

Mwembe ulionitia hasara kubwa kuliko yote ulikuwa Temeke, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Alinipigia simu asubuhi, nikafika mchana. Nikamwamkia, akanipitisha uani kwa kichochoro kati ya nyumba yake na ukuta wa jirani. Nikasimama chini ya mwembe, nikainua uso, nikahesabu matawi makubwa: manane. Nikatazama kimo chake, nikaona si mrefu wa kutisha. Nikamwambia, "Mama, nipe laki mbili na nusu, kesho jioni hutauona." Akakubali palepale, hata kuomba nipunguze hakuomba. Siku hizi mteja akikubali haraka namna ile moyo unanishtuka. Siku ile nilifurahi.

Kazi ilichukua siku nne.

Siku ya kwanza tulikutana na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa viota. Kijana wangu alifika tawi la tatu, akashuka mbio huku anavua shati, shingo imemvimba. Nusu ya siku ikaishia kwenye kuvitungua viota kimoja kimoja kwa panga tulilolifunga kwenye ncha ya ufito mrefu. Siku ya pili nikagundua kwamba katika yale matawi manane, matano yalikuwa juu ya bati: mawili juu ya chumba cha mpangaji, mawili juu ya jiko la nje, na moja juu ya banda la jirani. Hakuna hata moja kati ya hayo matano lililoweza kuachiwa lianguke. Kila moja lilifungwa kamba, likakatwa, likashushwa taratibu, na sisi tulikuwa na kamba moja tu. Siku ya tatu tukaingia kwenye shina. Kipande kimoja kikaponyoka, kikatua kwa kishindo kwenye mchanga uliokuwa umefagiliwa vizuri, na chini ya ule mchanga palikuwa na mfuniko wa shimo la choo. Zege likapasuka toka pembe hadi pembe. Mama alitoka jikoni, akaangalia ule ufa, akaniangalia mimi, hakusema neno. Ningependa angenigombeza.

Siku ya nne ilikuwa ya kubeba tu. Kichochoro kile, nilichokipita siku ya kwanza nikiwa natembea na mikono mitupu, hakikufika hata mita moja kwa upana, na mwishoni kilikuwa na kona. Gogo zima halikuweza kupinda pale. Tukalazimika kupasua kila gogo kwa shoka na kabari za chuma, tukatoa vipande begani hadi barabarani, ambako kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilikuwa kinasubiri huku dereva anahesabu muda.

Usiku ule nilikaa na daftari. Vijana wawili kwa shilingi 15,000 kwa siku, siku nne: 120,000. Petroli na oili: 40,000. Cheni mpya, maana ya zamani iligusa msumari uliokuwa umemezwa na shina: 35,000. Kirikuu safari tano: 125,000. Saruji, nondo na fundi wa kurudishia ule mfuniko: 60,000. Jumla 380,000, nami nimelipwa 250,000. Nilikuwa nimefanya kazi siku nne kwa jasho na kisha nikatoa shilingi 130,000 mfukoni mwangu kwa heshima ya kufanya kazi hiyo. Mshahara wangu mwenyewe sikuuandika, haukuwa na mahali pa kukaa.

Naandika haya kwa vijana wanaoanza kazi ya kukata miti mijini, hasa hapa Dar es Salaam ambako nyumba zimebanana na miti imezeeka pamoja nazo. Kushika chenso, yaani msumeno wa mashine, mtu anajifunza kwa miezi michache. Kutaja bei ndiko kulikonichukua miaka, na kila somo nililipia.

Sasa nikifika kwa mteja siinui uso kwanza. Naanza chini. Natembea kutoka pale gari litakaposimama hadi kwenye shina, nikihesabu hatua, nikiangalia upana wa njia, kona, ngazi, mfereji, geti linafunguka kiasi gani. Kama gogo litabebwa na watu hatua sitini badala ya kubingirishwa hatua kumi, hiyo ni siku nyingine nzima ya vibarua. Kisha nauliza, "Shimo la choo liko wapi? Bomba la maji linapita wapi? Tangi la chini lipo?" Nisiporidhika na jibu nachukua mtarimbo nagonga ardhi. Panapolia kama ngoma naweka alama ya chaki au naegesha tofali. Kisha nageukia kuta: bati la nani, vigae vya nani, dishi, ukuta wa jirani una nguzo au ni tofali tupu zilizopangwa. Bati moja lililopondeka unaweza kulinunua jioni hiyohiyo. Kigae cha nyumba iliyojengwa miaka ishirini iliyopita huenda hakitengenezwi tena, na mwenye nyumba atataka kinachofanana.

Halafu waya. Waya wa umeme unaotoka nguzoni kuingia ndani ukipita katikati ya matawi, kazi hiyo haina bei mpaka TANESCO wapewe taarifa na umeme ukatwe. Mteja atasema, "Fundi, waya una ganda, pitisha tu mkono." Ganda la waya uliosuguana na tawi miaka kumi limeshachubuka upande usiouona, na mti mbichi umejaa maji. Sijawahi kutaja bei ya kufanya kazi na umeme ukiwaka na sitaitaja. Kuna waliowahi kuniambia kwamba fulani amekubali, nikawajibu kwamba fulani ana mama yake.

Baada ya hapo ndipo naangalia mti wenyewe, na hapa nina deni kwa mzee mmoja aliyestaafu idara ya misitu. Aliniona Mbagala nikibishana na dereva wa kirikuu kuhusu uzito wa magogo. Akaniita, akaniomba futi kamba ya kushonea nguo. Akaizungusha kwenye shina, usawa wa kifua. "Mzingo mita mbili," akasema. "Sasa chukua mbili mara mbili, nne. Gawanya kwa kumi na mbili na nusu. Umepata sifuri nukta tatu mbili. Huo ndio ujazo wa kila mita moja ya shina hili. Mti mbichi hesabu tani moja kwa mita ya ujazo, usijidanganye. Kila mita unayokata hapa ni kilo mia tatu na ushei." Kisha akaenda kwenye mti mwembamba pembeni, mzingo mita moja. Moja mara moja ni moja, gawanya kwa kumi na mbili na nusu: 0.08. Kilo themanini.

Nilibaki nimesimama. Mimi miaka yote ile nilikuwa nikiona mti ulionenepa mara mbili natoza mara mbili. Kumbe uzito wake ni mara nne. Ndiyo maana miti midogo ilinipa faida na mikubwa ikinimaliza, na sikujua kwa nini. Kirikuu kinabeba nusu tani na kidogo. Mita mbili za shina la mzingo wa mita mbili zinakijaza. Mwembe wa Temeke ulikuwa na mita tatu za shina nene kabla ya kugawanyika. Ningekuwa na futi kamba ya shilingi mia tano siku ile, ningejua palepale nilipokuwa nimesimama kwamba tani nzima itapita kwenye kile kichochoro begani kwa watu.

Kwa urefu, mzee alinionyesha fimbo. Chukua fimbo yenye urefu sawa na kutoka jichoni hadi ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Ishike wima, rudi nyuma hadi fimbo ifunike mti kutoka shinani hadi kileleni. Pale uliposimama, umbali wako hadi kwenye shina ndio urefu wa mti. Kama uwanja ni tambarare haikosei sana. Na ukishajua urefu unajua kama mti unaweza kulazwa mzima au lazima uteremshwe vipande, na hilo peke yake linaweza kubadilisha bei kutoka laki moja hadi laki sita kwa mti uleule.

Aina ya mti nayo inasema. Mwarobaini ni mgumu lakini mbao zake zina wenyewe, fundi wa vitanda anakuja kuzifuata. Utomvu wa mwembe na mkorosho unawasha, kuna watu ngozi zao zinatoka malengelenge, hivyo nguo za mikono mirefu si anasa. Minyaa inayopandwa kama ua naiogopa kuliko mti mkubwa: maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali, na msumeno unayarusha kila upande. Kwa minyaa natumia panga, natoza muda, na kila mtu anavaa miwani. Mkrismasi mkubwa una matawi mapana yanayokwenda mbali na shina, mti mfupi wenye eneo kubwa la hatari. Mteja anauona mfupi anasema bei ni kubwa. Namwomba atembee nami hadi mwisho wa kivuli chake saa sita mchana, kisha namwambia kila alipokanyaga kuna tawi juu yake.

Mnazi nautenga. Watu wanadhani mnazi ni rahisi kwa sababu hauna matawi. Mnazi ulio hai kweli una wataalamu wake, wakwezi, nami huwa nawalipa wapande wakate makuti na nazi kwanza kabla sijagusa shina. Lakini mnazi uliokufa ni jambo lingine. Kigamboni niliitwa kwenye mnazi mmoja uliobaki gongo tupu, kilele kimeliwa na chonga, mdudu wa minazi, kikaoza, umesimama mita tano kutoka kwenye nyumba. Nilikuja na mkwezi, mzee wa zaidi ya miaka sitini, mwembamba, nyayo zimepasuka kama gamba la mti wenyewe. Mimi nilishaanza kupiga hesabu: apande, afunge kamba juu, ashuke, tuuvute. Mzee hakusema kitu. Aligeuza panga, akagonga shina kwa mgongo wa panga usawa wa goti. Akagonga usawa wa kiuno. Akagonga juu ya kichwa chake, mkono umenyooka. Pigo la kwanza lilitoa sauti kavu, ngumu. La pili vilevile. La tatu lilizama, kama kugonga gunia la pumba. Akafuta panga kwenye suruali akasema, "Huu haupandwi."

"Hata kidogo tu, mzee? Tufunge kamba."

"Mwanangu, mimi nimekwambia."

Tukaufunga kamba kwa kutumia ngazi, pale chini palipokuwa bado pagumu, na kwa kuwa kamba ilikuwa chini ilibidi tuweke watu watano wa kuvuta badala ya wawili, tena kwa mbali. Banda la kuku la mwenye nyumba likabomolewa kwanza ili kupata nafasi ya kuulaza, na likajengwa upya jioni. Mnazi ulipoanguka, theluthi ya juu ilivunjika yenyewe ukiwa bado hewani, vipande vikatawanyika kama mkate mkavu. Yule mzee angekuwa juu pale. Bei niliyokuwa nimeipanga kichwani ilikuwa 120,000. Niliyoitoza baada ya mzee kugonga shina ilikuwa 280,000, nikamweleza mwenye nyumba sababu moja baada ya nyingine, naye akalipa. Mkwezi nilimlipa posho yake kamili ingawa hakupanda. Kuna watu walishangaa hilo. Mimi naona ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote siku ile, na toka hapo kwenye makadirio yangu ya minazi kuna fungu la mtu wa kuja kugonga na kusikiliza.

Hesabu yenyewe naipanga hivi. Kwanza siku: siku ngapi, watu wangapi. Siku ya kibarua mmoja sasa haipungui 20,000, na anayeshika kamba chini namlipa zaidi ya anayebeba, kwa sababu uhai wa aliye juu uko mikononi mwake. Kamba inazungushwa mara mbili tatu kwenye shina, mtu mmoja makini anaweza kushusha tawi la kilo mia mbili kama anaweka mtoto kitandani. Mtu anayechezea simu ataliachia. Kisha gari: safari za magogo kwa uzito, safari za majani kwa ujazo. Majani hayana uzito ila yana tumbo. Kirikuu kilichojaa matawi mabichi hadi kamba zinakaza kinaweza kuwa hakijafika hata kilo mia mbili, na bado dereva anadai nauli ileile. Ukikadiria majani kwa macho, zidisha mara mbili. Na dampo liko Pugu Kinyamwezi. Ukitoa majani Tegeta ukayapeleka huko, foleni nayo ni gharama.

Chenso nayo nailipa. Hili nililijifunza baada ya mashine yangu ya kwanza kufa ikiwa juu ya mti na mimi sina hata shilingi ya kununua nyingine, ilhali ilikuwa imenifanyia kazi miaka mitatu. Sasa mashine ni kama kibarua mwingine: kila siku inayofanya kazi inawekewa 20,000 kwenye akaunti yake ya simu, mbali na petroli, oili na tupa ya kunolea. Kamba hivyohivyo. Kamba ikishakatika nyuzi, hata chache, nainunulia mpya na ya zamani naikata vipande mwenyewe ili asije kijana akaipeleka juu kwa kusahau.

Dalali aliyeleta kazi ana asilimia kumi yake, nayo iingie kwenye bei kabla haijatajwa, maana ukiikumbuka baadaye inatoka kwenye chakula cha watoto. Mwisho naweka kitu cha lisilojulikana: msumari ndani ya shina, nyuki kwenye tundu, mvua ya ghafla. Nyuki nimewakuta mara tatu bila kutarajia. Faida inakuja baada ya yote hayo. Nikipungukiwa na faida naumia. Nikipungukiwa na lile fungu la lisilojulikana anaumia mtu mwingine.

Ndiyo, wapo wateja wanaosema mti wao ni mali na mimi ndiye nimpe hela. "Hizo mbao zote unachukua wewe, halafu nikulipe tena?" Nilikuwa nanyamaza, sasa nakaa naye tunahesabu. Kuni za mwembe zinanunuliwa na wachoma mikate na mama lishe, sikatai. Shina la mwembe lililonyooka, lisilo na tundu, linaweza kumpata fundi wa mitumbwi wa Bagamoyo, na hapo kweli nashusha bei, tena namwonyesha mteja nimeshusha kiasi gani. Lakini miembe mingi ya uani imepinda, imepigiliwa misumari ya kamba za nguo, ina moyo uliooza. Kuipasua kuwa kuni ni kazi juu ya kazi. Na magogo hayapandi gari barabarani hivihivi: barua ya serikali ya mtaa, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa serikali wa misitu. Usipokuwa na karatasi hizo, faida ya mbao inaishia kwenye kizuizi. Ninapomweleza mteja kwa upole na kumpa nafasi ya kubaki na mbao zake mwenyewe, mara nyingi anaelewa. Asipoelewa tunaachana vizuri.

Kupatana bei kuna adabu yake. Zamani mteja akisema "punguza kidogo, kaka," nilikuwa napunguza hela na kubaki na kazi ileile. Hapo ndipo watu wanapokufa. Sasa nikipunguza hela napunguza kazi. "Dada, kwa laki tano nakata, nashusha kwa kamba, nabeba, nafagia. Kwa laki tatu na nusu nakata na kushusha kwa kamba, magogo na majani utayatoa mwenyewe." Kamba haitoki kwenye orodha hata iweje. Ninayaandika hayo kwenye karatasi, nakala mbili, na mstari mmoja peke yake: kisiki hakimo. Kisiki kukichimba kwa sululu na shoka ni kazi nzima ya kujitegemea, na nimewahi kugombana hadi jioni na mtu aliyeamini kwamba kukata mti ni pamoja na mizizi. Nusu ya malipo kabla hatujapanda, nusu tukishafagia. Kuna mwenye nyumba mmoja hadi leo hajamaliza nusu ya pili. Toka kwake ndipo nikaanza kuandikiana mbele ya mjumbe kwa kazi zinazozidi laki nane.

Niseme na hili, ingawa linaniuma. Kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu, uani, juu ya vyumba vya wapangaji. Nilitaja 600,000. Mwenye nyumba akacheka, akasema kuna vijana wamemwambia laki moja. Nilimweleza ninavyofika kwenye laki sita, nikamtakia heri, nikaondoka. Siku ya pili nilipigiwa simu na dereva wangu wa kirikuu. Wale vijana walikuwa wawili tu. Kwa laki moja hukodi mtu wa kamba, na hata kamba hununui. Aliyekuwa juu alikata tawi akiwa amelikumbatia shina kwa mkono mmoja. Tawi likajipinda kwenye bati, likarudi kwa mkia wake, likamng'oa. Paja lilivunjika vipande viwili. Nilikwenda kumwona wodini. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na mfuko wa machungwa, aliniamkia kwanza kwa sababu ya kuchanganyikiwa, ilhali yeye ndiye mkubwa wangu. Kijana aliniambia, "Kaka, mimi niliona ile laki yote ni yangu na mwenzangu. Elfu hamsini hamsini." Hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuhesabu. Nilimpa namba yangu. Alipopona mguu haukurudi kupanda, lakini sasa yuko nami, ndiye anayeshika kamba, na sina mtu makini kumzidi.

Ndiyo maana watu wakiniambia natoa siri za biashara nikiwafundisha wenzangu hesabu, sielewi siri ipi. Mwenzangu akitaja bei kamili na mimi nikataja bei kamili, mteja anachagua kati ya watu wawili wenye kamba.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita pwani, simu yangu haikunyamaza siku tatu. Upepo wa Mafia na Kilwa hatukuupata kwa nguvu ile huku kwetu, lakini ardhi ilikuwa imelowa kwa mvua za masika na miti ilikuwa inalala yenyewe. Wapo waliopandisha bei mara tatu kwa sababu watu walikuwa na hofu. Mimi nilipandisha pale tu kazi ilipokuwa imebadilika, na mti uliolalia nyumba kweli ni kazi nyingine: matawi yaliyokandamizwa yamejikaza kama upinde, ukikata upande usio wake linakurudia usoni. Unalegeza kidogo kidogo, unaanza na upande uliobonyea, unasubiri, unaangalia ufa unafunguka au unafunga. Hiyo inachukua muda na muda nautoza. Hofu ya mtu siitozi. Na wengine niliwaambia wasikate kabisa. Mwarobaini wenye afya ulioegemea kidogo toka zamani, unaompa mtu kivuli mwezi wa pili na wa tatu jua likiwa kali, unatosha kupunguzwa matawi ya upande mmoja. Nilipoteza laki kadhaa kwa maneno hayo, na wateja hao ndio wanaonipigia kila mwaka.

Mwaka jana simu iliita, namba siijui. "Mwanangu, mimi ni yule mama wa Temeke wa mwembe. Kuna mkungu sasa, mbele, unaniletea mizizi kwenye ukuta." Nilifika, nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa muda mrefu. Hakunipeleka moja kwa moja kwenye mkungu. Nilimwomba kwanza nipite uani. Kichochoro kilikuwa kilekile, nikakipima safari hii: sentimita 85. Kule nyuma mahali pa mwembe palikuwa na mchicha na bamia, na mfuniko wa shimo la choo bado ulikuwa na kiraka changu cha saruji, kimekwaruzwa lakini kimeshika.

Nikarudi mbele. Nikagonga ardhi kwa mtarimbo, nikazungusha futi kamba, nikarudi nyuma na fimbo yangu hadi barabarani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anafuatilia kila hatua. Nikakaa chini, nikaandika dakika ishirini. Kisha nikamsomea: siku mbili, watu watano, kirikuu safari nne, umeme ukatwe asubuhi, kisiki hakimo. Laki saba na elfu ishirini.

Akanyamaza. "Safari ile ulinitajia kabla hata sijakuletea maji ya kunywa."

"Ndiyo, mama."

"Na ulipata hasara. Niliona. Nilitaka kukuongezea, sikuwa nacho." Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari, kidole kikifuata maandishi. Akauliza swali moja kuhusu umeme, nikamjibu. Akauliza kama zinaweza kubaki kuni kwa ajili ya mtoto wake anayeuza chapati. Nikasema zitabaki, na safari moja ya kirikuu itapungua, nikakata mstari ule na kuandika upya chini yake: laki sita na elfu tisini. Akatia sahihi, akaingia ndani kutafuta ile nusu ya kuanzia. Mimi nikakunja futi kamba, nikatoka getini nikaenda kupiga hodi kwa jirani, nimweleze kwamba Jumamosi kutakuwa na kamba itakayopita juu ya ukuta wake.